Kopo la Mashairi: Mchezo Uliotufunza Adabu Nyumbani



Wapenzi wasomaji, wazazi wenzangu na nyinyi wanafunzi, leo sikuja na somo la fiqhi wala sira ya masahaba, ingawa masahaba watatutembelea kidogo huko mbele. Nimekuja na kopo. Ni kopo la bati la maziwa ya unga, limebonyea upande mmoja, na kifuniko chake kimetobolewa tundu la kupitisha karatasi iliyokunjwa. Limekaa juu ya kabati sebuleni kwetu hapa Kamembe, wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wengi bado tunaliita kwa jina lake la zamani, Cyangugu. Kopo hili limetuletea furaha kubwa, na siku moja lilitutia aibu. Nataka niwasimulie yote mawili, kwani moja bila jingine halina faida kwa msomaji.

Ramadhani ya milango iliyofungwa

Mnakumbuka mwaka 2020. Mwezi Machi nyumba za ibada zilifungwa, mipaka ikafungwa, na sisi tunaoishi hatua chache kutoka Bukavu tukawa tunautazama mji wa ng'ambo kama picha ukutani. Mwishoni mwa Aprili Ramadhani ikaingia. Tarawehe tukaswali sebuleni, baba wa nyumba mbele, watoto nyuma, na mdogo kuliko wote akilala kwenye sijda ya pili kila usiku. Mwezi Juni, sehemu nyingine za nchi zilipokuwa zimeanza kupumua, sisi wa Rusizi tuliongezewa muda wa kukaa ndani.

Biashara yangu ni vitenge, na vitenge havikuuzwa. Basi futari ikawa maharage, kesho maharage, keshokutwa maharage. Jioni moja mwanangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi, alikaa mkekani, akaitazama sahani, akasema kwa sauti ya kulalamika:

Mama, maharage tena, kila futari ni yale!

Nilitaka kumkemea. Lakini sikio langu lilinasa kitu. Nikahesabu kwa vidole chini ya mtandio: ma-ma-ma-ha-ra-ge-te-na, nane. Ki-la-fu-ta-ri-ni-ya-le, nane. Mtoto ametoa mshororo kamili wa shairi, mizani kumi na sita, naye hajui! Nikamjibu papo hapo:

Mshukuru Maulana, wengine hawana yale.

Akanitazama. "Mama, umemalizia kama mimi." Nikamwambia, "Naam, hivyo ndivyo vina. Wewe ulimalizia *na* katikati na *le* mwishoni, nami nikafuata." Siku ya pili akaja na mshororo mwingine, mara hii juu ya uji. Dada yake akamjibu. Kufika kumi la mwisho, nyumba ilikuwa haina mtu wa kusema "nipe chumvi" bila kuhesabu vidole.

Daftari la marehemu baba

Sikuyapata mambo haya shuleni. Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Babu yake alipanda huku kutoka Ujiji pamoja na wafanyabiashara, na ukoo wetu ukabaki. Baba aliondoka duniani akiwa na mali tatu: cherehani ya miguu, redio, na daftari nene la kaunta buku. Usiku, mawimbi ya Radio Tanzania yalipoweza kuvuka ziwa, alisikiliza kipindi cha mashairi huku akinakili haraka haraka. Beti zilizompita alizijaza mwenyewe, na mpaka leo sijui ni zipi za redio na ni zipi zake.

Ndani ya daftari hilo alikuwa amechomeka kitabu kilichokwisha jalada: *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, cha Kaluta Amri Abedi, kilichotoka mwaka 1954. Baba alikipenda kwa sababu mbili. Kwanza, kinaeleza kanuni wazi wazi: mizani ni nini, kina ni nini, mshororo na ubeti ni nini. Pili, mwandishi wake alizaliwa Ujiji, kwa hiyo baba alimhesabu kuwa jirani. Alikuwa akisema: "Mto wetu unashuka kwenye Ziwa Tanganyika, na Ujiji iko ufukweni mwa ziwa hilo. Maji yetu yanakwenda kwao, mashairi yao yanakuja kwetu. Tumelipana."

Naye hakuwa mbali na ukweli. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa penye mpaka, unateremka kilomita kama 117 hadi Ziwa Tanganyika. Hata sambaza, wale samaki wadogo tunaowaona kuwa ni wetu wa Kivu tangu Nuhu, ni dagaa wa Ziwa Tanganyika walioletwa na kupandwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikuja wageni, sasa ndio kitoweo cha kila nyumba.

Baba alinieleza pia kwamba mashairi ya Kiswahili tangu zamani ni mazungumzo. Mtu hatungi akafungia sandukuni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alikuwa akitunga, na washairi wengine wakimjibu, hata wa Lamu waliokuwa mahasimu wa mji wake. Mwana Kupona binti Msham naye aliuandika utendi wake mwaka 1858 kumzungumzia binti yake, mama kwa mwana. Gazeti la *Mambo Leo* lilipoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, wasomaji walilijaza mashairi: mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anawasuluhisha. Wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini walijuana kwa vina. Na washairi wa magazeti walipenda lakabu. Ustadh Andanenga, kwa mfano, alijulikana kwa jina la Sauti ya Kiza.

Je, dini inasemaje?

Najua mzazi mmoja atauliza, na ana haki: mashairi si upuuzi? Mbona Qur'ani imewasema washairi?

Ni kweli, mwishoni mwa Surat Ash-Shu'araa washairi wanaolaumiwa ni wale wanaofuatwa na wapotovu, wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Lakini tusiishie hapo. Aya inayofuata inawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Allah kwa wingi. Hassan bin Thabit (R.A.) alikuwa mshairi wa Mtume (S.A.W.), na aliwekewa mimbari ndani ya msikiti wa Madina. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba katika mashairi imo hekima.

Hadithi ninayoipenda zaidi imo katika Sahih Muslim. Sahaba aitwaye Sharid (R.A.) alikuwa amepanda mnyama mmoja na Mtume (S.A.W.), yeye akiwa nyuma. Mtume akamuuliza kama anajua mashairi yoyote ya Umayya bin Abi Salt. Akasema anayajua. Akamsomea ubeti mmoja. Mtume akamwambia aongeze. Akasoma mwingine. Akaambiwa aongeze. Wakaendelea hivyo safarini mpaka zikafika beti mia moja.

Nawasimulia watoto hadithi hii kila mara, nao huniuliza maswali yao: mnyama alikuwa ngamia au punda? Sharid hakukaukiwa koo? Mimi huwaambia watazame jambo moja tu. Mbora wa viumbe, mwenye mzigo wa umma mzima mabegani, alimwacha mtu wa nyuma yake asome beti mia, na neno lake lilikuwa "ongeza". Mzazi anayemwambia mwanawe "ongeza" amefuata njia njema.

Jumamosi baada ya Isha

Vizuizi vilipolegezwa, majirani wa ua wetu waliuliza watoto wangu wanacheka nini kila jioni. Basi mchezo ukatoka mlangoni. Nikatafuta kopo, nikalitoboa. Kila Jumamosi baada ya Isha, watoto wa nyumba nne, baadaye sita, walikaa kwenye mkeka wetu. Wiki nzima kila mmoja anaandika ubeti au hata mshororo mmoja, anaweka lakabu chini, anatumbukiza koponi. Jumamosi tunachomoa moja moja, tunasoma kwa sauti, kisha tunakisia mwenyewe nani. Anayekisia sawa anapata kipande cha mandazi. Anayekosa naye anapata kipande cha mandazi, ila cha mwisho.

Lakabu zenyewe! Palikuwa na Mvua ya Nyungwe, mtoto asiyenyamaza. Palikuwa na Chai ya Shagasha, Mwizi wa Sambusa, na mwanangu yule wa maharage alijiita Sambaza. Aliyetushinda wote kwa miezi miwili alijiita Mwanafunzi wa Mwisho. Tuliwashuku watoto wote, tukamshuku hata imamu. Kumbe ni bibi wa nyumba ya tatu, mwenye zaidi ya miaka sabini, asiyejua kuandika. Alikuwa akimsomea mjukuu wake, mjukuu anaandika, na malipo yalikuwa pipi. Siku alipogunduliwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Mwanzoni watoto walikwama. Shuleni wanasoma kwa Kiingereza, wakicheza wanaongea Kinyarwanda, na Kiswahili kwao ni cha madrasa na sokoni. Nikawarudisha kwenye kitu wanachokijua. Kwetu hapa, mtoto yeyote ukimwita "Sakwe sakwe!" atakujibu "Soma!", maana ndivyo vitendawili vya Kinyarwanda vinavyofunguliwa. Nikawaambia: Waswahili wao husema "Kitendawili!" na wewe unajibu "Tega!" Ni mlango ule ule, komeo tofauti. Tukaanza kwa vitendawili, tukavipigia makofi kupata mizani, kisha tukavivisha vina. Baada ya muda hata walioona haya walikuwa wakiandika.

Siku tuliyocheka

Sasa nifike kwenye aibu.

Mwaka 2022, mipaka ilipokuwa imefunguliwa tena, alikuja kuishi mtaani kwetu binti wa miaka kumi na tatu kutoka Bukavu. Alikuja kukaa kwa mama yake mdogo ili asome upande huu. Mtoto mpole, mwenye kukaa ukingoni mwa mkeka kana kwamba anaogopa kuumaliza. Wiki ya tatu akatumbukiza karatasi yake. Lakabu yake ilikuwa Ruzizi, kwa herufi ya *z*, kama wanavyoandika ng'ambo.

Karatasi ilimwangukia mwanangu Sambaza kuisoma. Iliandikwa hivi, nami ninayo mpaka leo:

Batoto ba huku kwetu, bapenda kuogelea,
Ruzizi ni mto wetu, mayi yake yatembea,
Haugawi mama zetu, pande zote bachotea,
Mayi hayajui mutu, hunywa anayesogea.

Mwanangu alipofika kwenye *batoto* akavuta sauti, akaiga matamshi ya akina mama wa Bukavu wanaovuka daraja na mabeseni yao kichwani. Kwenye *mayi* akafumba jicho moja. Kwenye *mutu* mkeka mzima ukalipuka. Hapakuwa na haja ya kukisia mwandishi. Lakabu humficha mtu, lakini lugha yake ilikuwa imeshamtaja.

Na mimi, mwenye kopo, mwenye kuwasomea hadithi ya Sharid, nilicheka.

Sikucheka sana. Lakini mtoto hakuwaangalia wenzake. Aliniangalia mimi, akaona meno yangu. Kisha akatabasamu kwa adabu, akala mandazi yake, akaondoka pamoja na wengine. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikaenda kwa mama yake mdogo kuomba radhi.

"Dada," akaniambia, "mtoto hana hasira. Ana haya. Anasema Kiswahili chake ni kibovu, atarudi akikijua vizuri."

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Usiku ule nilitoa daftari la baba, nikaitoa na karatasi ya yule binti, nikaisoma peke yangu polepole, nikihesabu. Ba-to-to, tatu. Wa-to-to, tatu. Mu-tu, mbili. M-tu, mbili pia, kwa sababu ile *m* husimama peke yake. Ma-yi, ma-ji, ni zile zile. Mishororo yote minne ilikuwa na nane kwa nane. Vina vya kati vyote *tu*, vya mwisho vyote *ea*. Mizani haikumkuta na kosa hata moja. Tuliomkuta na kosa ni sisi.

Na maneno yenyewe yalisema nini? Yalisema maji hayachagui mtu, anayesogea hunywa. Mtoto mgeni alituletea neno hilo kwenye mkeka wetu, akitumaini ni kweli.

Hapo nikamkumbuka baba. Wale wenye umri wangu wanajua kwamba katika nchi hii neno *umuswahili* halikuwa jina la heshima. Lilikuwa na maana ya Mwislamu, na papo hapo likawa na maana ya mtu mjanja wa mjini, asiyeaminika. Kiswahili kilihesabiwa lugha ya sisi tuliokaa pembeni, ya wachuuzi na askari. Baba aliitwa hivyo sokoni, mbele yangu, nami nikiwa nimeshika mkono wake. Hakujibu. Alirudi kwenye cherehani, akakanyaga mpaka usiku. Mwaka 2017 Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, baba hakuwepo kuona, lakini mimi nililia kwa niaba yake.

Basi mimi, binti wa mtu aliyechekwa kwa ajili ya Kiswahili, nimemcheka mtoto wa watu kwa ajili ya Kiswahili chake. Nilipata nini, cheo?

Asubuhi baada ya Alfajiri niliwakalisha wanangu. Hatukusoma shairi. Tulisoma Surat Al-Hujurat, aya ya kumi na moja, ambapo Allah anawakataza walioamini, wanaume na wanawake, kuwadhihaki wengine, kwani huenda wanaodhihakiwa ni bora kuliko wanaodhihaki, na anawakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Nikawaambia: lakabu unayojichagulia ni mchezo. Jina unalotupiwa na mwenzio ni jiwe. Na mimi mama yenu nilirusha jiwe pamoja nanyi.

Sambaza aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, umri ambao radhi haitoki kinywani hata ukiivuta kwa kamba.

Jibu

Haikutoka kinywani. Ilitoka koponi. Jumamosi ile nilichomoa karatasi yake, nayo ilikuwa na anwani juu: "Kwa Ruzizi".

Ruzizi umekauka, kopo letu lina njaa,
Sambaza nimepauka, nimebaki ni dagaa,
Kicheko kilichozuka, leo kimenikataa,
Rudi mto, nitaruka, pakavu siwezi kaa.

Safari hii hakuna aliyejua acheke au alie. Mwanafunzi wa Mwisho, yule bibi, akasema, "Karatasi hiyo haikai hapa. Ipelekwe." Mjukuu wake akaipeleka usiku ule ule.

Wiki nzima kimya. Nilijizuia kwenda kuuliza. Nilijua radhi niliyoipeleka mlangoni kwa miguu yangu ilikuwa ya mtu mzima kwa mtu mzima, tena ilimweka mtoto mahali pa kuhurumiwa. Shairi la mwanangu lilimweka mahali pengine. Lilimpa zamu. Katika kujibizana, anayejibiwa si mnyonge, maana neno la mwisho liko mkononi mwake.

Ijumaa jioni, nikifagia baraza, nilikuta karatasi imepitishwa chini ya mlango. Hakutaka hata kusubiri kopo.

Samaki mwenye kucheka, mdomo wake nyavuni,
Akianza kukauka, alia yuko juani,
Mayi yako nimeweka, yapo humu mtungini,
Sema *batoto* haraka, ndipo nikutie ndani.

Wallahi nilikaa chini na ufagio mkononi. Mtoto aliyesema atarudi akikijua Kiswahili vizuri alikuwa amerudi na *mayi* yake na *batoto* wake vile vile, na mara hii alituamrisha sisi tuyatamke!

Jumamosi alikuja. Kabla hajakaa, mwanangu alisimama katikati ya mkeka akasema *batoto* mara kumi bila kupumua. Kwenye ya saba ulimi ukateleza ikawa *botato*. Kicheko kililipuka tena, na safari hii kilianzia kwake yule binti. Nilicheka nami, na alipoyaona meno yangu hakutazama chini.

Yule binti sasa amekua na amerudi kwa wazazi wake. Mwanangu naye ni kijana mwenye sauti nzito na haya ya kijana, lakini akinikuta nimekasirika husema "Mama, maharage tena", na hasira yangu hupungua. Kopo bado lipo. Watoto wengine wamelishika.

Kwa anayetaka kuanza

Baadhi ya majirani wa Bugarama waliniomba niwaandikie kanuni zetu. Nanyi nawapa kama zilivyo, zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wa watoto:

1. Kila mtu ajichagulie lakabu mwenyewe. Hakuna kumpachika mwenzio.
2. Mshororo mmoja unatosha. Anayeanza asidaiwe ubeti mzima.
3. Hesabu mizani kwa makofi, ukikosea piga tena. Hakuna fimbo.
4. Ruhusa kumtania mwenye shairi kwa shairi. Marufuku kumtania kwa mdomo, kwa sauti ya kuiga wala kwa jicho.
5. Aliyetaniwa ana haki ya kujibu, na jibu lake lisomwe kwanza.
6. Kiswahili cha kila mtu kinaingia koponi: cha madrasa, cha sokoni, cha Bukavu, cha Bujumbura, cha pwani. Cha kitabuni tutajifunza pamoja, bila kumwaibisha mtu kwa cha nyumbani kwao.
7. Hakuna kumsema vibaya asiyekuwepo, wala kutunga lisilofaa kusomwa mbele ya bibi.
8. Ikiingia adhana, kopo linafungwa.

Kanuni ya nne mpaka ya sita hazikuwepo mwanzoni. Tumezinunua kwa bei mliyoisikia.

Wazazi wenzangu, watu hufikiri watoto huzipenda lugha na mashairi kwa kusomeshwa tu. Kusomesha kuna faida yake, na mimi siwadharau walimu. Lakini mtoto huandika pale anapojua kuna mtu anayemngojea asome, na huendelea kuandika pale anapojua hata akikosea atajibiwa. Daftari la marehemu baba lilijaa beti zisizojibiwa, kwa kuwa hakuwa na mkeka wa watu. Siku hizi, kila mwezi tunachukua ubeti mmoja kutoka daftari lile na kuutia koponi pamoja na karatasi za watoto. Wao humjibu. Wa mwisho kumjibu alikuwa mtoto wa miaka minane, aliyemwandikia "Babu, mizani yako moja imezidi." Nikahesabu. Kweli, ilikuwa imezidi.

Tumuombe Allah azifanye ndimi zetu ziwe za kuunga, azilinde nyumba zetu na kejeli, awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na awajaalie watoto wetu kuwa miongoni mwa wale wanaoamini, wakatenda mema na wakamkumbuka kwa wingi. Aamin.

Na kwa kuwa mchezo ni mchezo, siondoki bila kuwaachia kazi. Usiku wa leo, baada ya chakula, wasomeeni watoto mshororo huu. Mwenye kujua mimi ni nani aongeze mitatu iliyobaki, vina ni *tu* na *i*:

Nakula karatasi tu, tumbo langu halijai.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.